Umeme kwenye gereji na karakana za nyumbani: breka hulinda waya, si mtu

Kuanzia Ng'ombeni na Kombani hadi Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, ni vigumu kupita mtaa usio na karakana ya nyumbani. Chini ya mwembe kuna fundi anayechomelea milango na madirisha ya chuma. Ua wa pili kuna seremala na randa yake ya umeme. Mbele kidogo kijana ametandaza vipuri vya pikipiki barazani. Kule Gazi, Shimoni na Vanga mafundi wa mashua hutumia drili na grainda hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Nyumba za Diani nazo zina gereji ambazo zamani zililaza gari tu, lakini leo zina kompresa, friza ya pili na pampu ya kisima.

Tatizo ni kwamba nyaya za nyumba nyingi hazikuwekwa kwa ajili ya kazi hizo. Ziliwekwa kwa ajili ya balbu, redio, televisheni na pasi. Nyumba nyingi za vijijini zilizopata stima kupitia mpango wa Last Mile zilianza na taa chache na soketi moja au mbili. Karakana huja baadaye, na umeme wake huvutwa kwa ekstensheni inayopita dirishani. Kazi inakwenda, wateja wanaridhika, na miaka miwili inapita bila balaa. Ndiyo maana wengi hawaoni sababu ya kubadilisha chochote.

Kile ambacho breka haikioni

Wakazi wengi huamini kwamba kisanduku cha breka kikiwepo ukutani, familia iko salama. Sivyo. Breka imewekwa kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 20 hutulia mpaka umeme unaopita uzidi kiwango hicho kwa muda, au mpaka waya mbili zigusane ghafla. Mwili wa binadamu hauhitaji kiasi hicho ili udhurike.

Hesabu yake ni fupi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ukinzani wa mwili wa mtu huchukuliwa kuwa takriban omu 1,000, na hupungua ngozi ikiwa na jasho au maji. Mtu aliyesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu, akashika grainda ambayo waya wake umechunika, hupitisha takriban ampea 0.24, yaani miliampea 240. Kwa breka ya ampea 20 hicho si kitu, kwa kuwa ni sawa na balbu moja ya wati 60 iliyowashwa. Breka haiwezi kutofautisha balbu na mtu. Kwa moyo, kiasi hicho kinatosha kuuvuruga na kuusimamisha.

Kifaa kinachomlinda mtu ni kingine, na mafundi hukiita RCD. Kinafanana na breka lakini ni kipana kidogo, na kina kitufe chenye herufi T. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Unaorudi ukiwa pungufu, maana yake kuna mahali unapovujia, na huenda mahali hapo ni mkono wa mtu. RCD ya miliampea 30 hukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla madhara hayajawa makubwa. Mwenye karakana anaweza kufungua kisanduku chake leo akatazama kama kitufe hicho kipo. Kisipokuwepo, hilo ndilo jambo la kwanza la kuzungumza na fundi, kabla ya soketi mpya na kabla ya taa nzuri.

Kitufe hicho kibonyezwe angalau kila baada ya miezi mitatu. Umeme ukikatika papo hapo, kifaa kinafanya kazi. Usipokatika, kimekufa, na kwa hewa ya pwani hilo hutokea mapema kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo RCD nayo ina mpaka wake: mtu akishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kifaa kitamwona kama balbu vilevile.

Kuna malalamiko yanayosikika sana: "Hiki kitu kinakata kila mara mvua ikinyesha." Mara nyingi hakikosei. Kuna unyevu kwenye soketi ya nje, au kuna mashine inayovuja. Njia ya kumpata mkosaji ni kuchomoa kila kitu, kuwasha RCD, kisha kuchomeka kifaa kimoja kimoja mpaka ikate. Fundi anayependekeza kuiondoa RCD ili "isisumbue" atafutiwe mbadala.

Ethi kwenye mawe ya matumbawe na mchanga

Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, huishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Inategemewa kwamba laivu ikigusa bodi ya chuma ya mashine, umeme utakimbilia ardhini kwa wingi na kuifanya breka ikate. Hilo hutegemea ardhi yenyewe. Udongo wa mfinyanzi wenye maji hupokea umeme vizuri. Mchanga mkavu na mawe ya matumbawe yaliyotapakaa ukanda wetu wa Diani, Tiwi na Msambweni hupokea vibaya, na ardhi ya Kinango wakati wa kiangazi haina nafuu kubwa.

Tuchukue fimbo yenye ukinzani wa omu 50, ambayo si ajabu kwenye ardhi ya namna hiyo. Volti 240 ukigawanya kwa 50 unapata ampea 4.8. Breka ya ampea 20 haitakata kamwe kwa kiasi hicho. Mashine itaendelea kusimama pale, bodi yake ikiwa na umeme, ikimsubiri wa kwanza kuigusa. RCD ya miliampea 30 ingekata mara moja. Kwa hiyo pwani ya kusini RCD si anasa ya nyumba za kifahari. Kwenye mchanga ndiyo inayofanya ethi iwe na maana.

Fimbo ipigiliwe mahali penye unyevu wa kudumu, na fundi aipime kwa mashine ya kupimia ethi badala ya kuitazama kwa macho. Kufunga ethi kwenye bomba la maji, kama ilivyofanywa zamani, hakusaidii siku hizi kwa sababu mabomba mengi ni ya plastiki. Wanaokata kile kiguu cha juu cha plagi ili iingie kwenye soketi ya pini mbili wanakata kinga yao wenyewe.

Mzigo, umbali na unene wa waya

Plagi ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13 na hubeba mwisho wati 3,120. Grainda ndogo hutumia kati ya wati 700 na 1,000, na ile kubwa hupita 2,000. Mota ya kompresa, inapoanza kuzunguka, huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi. Mashine ya kuchomelea, hata zile ndogo za siku hizi, inaweza kuvuta peke yake zaidi ya kile ambacho soketi moja inaweza kutoa. Ukiweka grainda kubwa na kompresa kwenye ekstensheni moja, fyuzi italipuka, na hapo ndipo mtu huifunga kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara. Tangu siku hiyo kinachoungua kwanza ni ekstensheni yenyewe.

Karakana inafaa kuwa na laini yake kutoka kwenye kisanduku kikuu, pamoja na kisanduku chake kidogo chenye RCD na breka kadhaa. Taa ziwe kwenye breka yake, soketi kwenye nyingine, na mashine ya kuchomelea kwenye yake peke yake. Kutenganisha taa na soketi kuna sababu: msumeno ukifanya breka ikate, fundi asibaki gizani huku meno ya msumeno bado yanazunguka.

Unene wa waya hufuata mzigo na umbali. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5. Lakini karakana ikiwa nyuma ya shamba, mita 40 kutoka kwenye nyumba, na mashine zikavuta ampea 20, waya wa 2.5 utapoteza volti 14 hivi njiani. Hiyo ni asilimia 6, zaidi ya asilimia 5 inayokubalika kwa soketi na mashine. Waya wa 6 utapoteza chini ya volti 6. Tofauti hii huonekana kazini: kijiti cha kuchomelea kinanata kwenye chuma, mota inapata joto na kunguruma bila nguvu, na mwenye mashine anailaumu mashine. Stima ikiwa tayari ni dhaifu mwisho wa laini kijijini, upotevu huo ndio unaounguza mota.

Kebo ya kwenda kwenye karakana ikipitishwa ardhini, iwe ile yenye ngao ya chuma, ifukiwe nusu mita au zaidi, na juu yake uwekwe utepe wa onyo ili jembe lisiikate. Ikipitishwa juu, isipite chini ya minazi. Kuti kavu moja linatosha kuivuta chini, sembuse dafu.

Ekstensheni ya kuzungusha nayo ina hila yake. Ikiwa imeviringishwa, joto halina pa kutokea, na plastiki ya ndani huyeyuka huku ya nje ikionekana nzima. Itolewe yote kabla ya kuchomeka mashine yoyote kubwa, hata kama kazi iko mita mbili tu.

Chumvi, unga wa mbao na makuti

Hewa ya bahari hula viunganishi. Shaba huota ukungu wa kijani, skrubu za chuma huvimba kwa kutu, na kiunganishi kilicholegea hupata joto bila breka kugundua chochote. Karibu na ufuo, visanduku vya plastiki hudumu kuliko vya bati, na skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu hulipa gharama yake. Soketi za nje na za banda lililo wazi ziwe na kifuniko cha kuzuia maji, alama ya IP65 ikiwezekana. Mara moja kwa mwaka, hasa baada ya upepo wa kusi kupungua, fundi afungue kisanduku na kukaza viunganishi. Soketi yenye rangi ya kahawia pembeni au harufu ya plastiki iliyoungua isisubiri mwaka.

Unga wa mbao hujaa ndani ya swichi na mota kisha hushika moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hulala chini, hasa ndani ya shimo la kukagulia gari. Kwa hiyo soketi za gereji ziwekwe juu, usawa wa kifua, na pasiwe na soketi yoyote ndani ya shimo. Taa ya kushika humo iwe ya betri. Betri za gari zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche moja, hivyo zichajiwe penye hewa.

Na kuna makuti. Banda la makuti ni la baridi na bei yake ni nafuu, lakini cheche za grainda huruka mita kadhaa na kuti kavu halihitaji nyingi. Nyaya zilizofungwa moja kwa moja kwenye boriti za makuti hutafunwa na panya. Anayelazimika kufanya kazi chini ya makuti azipitishe nyaya zote ndani ya paipu, achomelee nje ya kivuli hicho, na aweke karibu ndoo za mchanga na kizimamoto cha unga mkavu. Baada ya kazi ya cheche, abaki pale nusu saa akitazama, maana makuti huweza kufuka kimya kabla ya kuwaka. Kwa uamuzi wa haki, paa la mabati juu ya sehemu ya kuchomelea ndilo jibu, hata kama joto lake halivumiliki saa sita mchana.

Jambo dogo ambalo wachache hulijua: taa za mirija na baadhi ya balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Chini yake, diski au msumeno unaozunguka kwa kasi fulani unaweza kuonekana umesimama. Kuchanganya taa za aina mbili juu ya mashine hupunguza udanganyifu huo.

Rangi zilizobadilika

Nyumba za zamani zina waya mwekundu wa laivu na mweusi wa nyutro. Mfumo wa sasa hutumia kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Ethi ni kijani na manjano kote kuwili. Hatari iko kwenye fezi tatu: mweusi, uliokuwa nyutro zamani, leo unaweza kuwa laivu, na buluu, iliyokuwa fezi, leo ni nyutro. Katika nyumba iliyoongezewa karakana mifumo yote miwili huweza kukutana ndani ya kisanduku kimoja. Rangi isiaminiwe, waya upimwe kila mara, na kisanduku kiwekwe kibandiko kinachoeleza kwamba kina rangi za aina mbili.

Stima ikipotea na ikirudi

Stima inapopotea katikati ya kazi, watu huweka mashine chini na kwenda kunywa chai. Swichi inabaki imewashwa. Stima inaporudi, msumeno unaanza kuzunguka peke yake, pengine mtoto akiwa ameukaribia. Mashine za mezani ziwe na swichi isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi, na za mkononi zichomolewe. Wakati wa masika, radi zinapoanza, kuchomoa plagi ni kinga bora kuliko kifaa chochote cha dukani.

Jenereta au sola isiunganishwe na nyumba kwa kuchomeka plagi kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo hurudi nyuma kupitia mita hadi kwenye laini, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi wa Kenya Power aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa huweza kufa. Swichi ya kubadilishia, ambayo haiwezi kuunganisha pande mbili kwa wakati mmoja, ndiyo njia pekee inayokubalika.

Nani afanye kazi hii

Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ni mali na jukumu la Kenya Power, na lakiri ya mita haifunguliwi na fundi yeyote wa mtaani. Baada ya mita, jukumu ni la mwenye nyumba. Chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, kazi ya kuweka nyaya hufanywa na mtu mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA. Leseni hizo zina madaraja: anayeruhusiwa fezi moja si lazima awe anaruhusiwa fezi tatu, jambo la kuuliza mapema kwa mwenye mashine kubwa za seremala au za kuchomelea. Kijana aliyepitia chuo cha ufundi au mtihani wa NITA anaweza kuwa na mikono mizuri kuliko wengi. Hata hivyo kazi yake isimamiwe na kutiwa sahihi na mwenye leseni, na mwenye nyumba apewe cheti cha kukamilika kwa kazi. Cheti hicho ndicho Kenya Power huhitaji mteja anapoomba kuunganishwa.

Anayefanya biashara kwenye karakana yake aijulishe Kenya Power, kwa sababu matumizi ya nyumbani na ya biashara ndogo hutozwa kwa viwango tofauti. Banda jipya la kudumu huhitaji kibali cha ujenzi cha kaunti. Na anayeajiri hata kijana mmoja anabanwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri ahakikishe vifaa vya umeme ni salama.

Vifaa bandia ni janga lake. Waya wenye shaba pungufu huandikwa 2.5 huku ukiwa mwembamba zaidi. Bidhaa ziwe na alama ya ubora ya KEBS, na namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na SM# kisha namba yenyewe.

Mtu akishikwa na umeme

Mara nyingi wa pili hufa kwa kumvuta wa kwanza. Asiguswe. Umeme ukatwe kwanza kwenye swichi kuu, na kila mtu wa nyumbani, watoto wakubwa wakiwemo, aonyeshwe ilipo. Isipofikika, asogezwe kwa mti mkavu, mwokoaji akisimama juu ya ubao mkavu au kandambili za mpira. Waya wa Kenya Power ulioanguka usisogelewe kabisa, hata kwa mti. Kazi hapo ni kuwazuia watu na kupiga simu.

Akiwa hapumui, abonyezwe katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka msaada ufike au apumue mwenyewe. Hata aliyeamka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kuyumba saa kadhaa baadaye na kuungua kwa ndani hakuonekani kwenye ngozi. Moto wa umeme usimwagiwe maji kabla stima haijakatwa.

Waya ulioanguka, nguzo iliyoinama au transfoma inayotoa cheche ripotiwe Kenya Power kwa namba 97771 au *977#. Gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199, na polisi kwa 999 au 112.